Chakula Kikikwama Kifuani, Usikubali Kuishi kwa Dawa za Vidonda vya Tumbo

Juzi dada mmoja wa Tanga aliniandikia. Mdogo wake wa kiume hamalizi sahani ya ugali, kila tonge linamkwama kifuani. Usiku anakohoa na kurudisha chakula ambacho hakijasagika. Dawa za vidonda vya tumbo ameshazimeza mpaka amezichoka, na sasa wazee wameamua akakatwe kimeo. Nilishindwa kumjibu kwa mistari miwili, maana hayo yote nimeyapitia, na kimeo nusura nikatwe mimi pia.

Ugonjwa wangu unaitwa akalasia. Umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, una msuli mwishoni unaolegea ukimeza, kisha unajibana tena. Kwa mgonjwa wa akalasia neva zinazouongoza msuli huo zimeharibika. Haulegei, na umio wenyewe unaishiwa nguvu ya kusukuma. Si ugonjwa wa kila siku: kwa mwaka humpata mtu mmoja hivi katika watu 100,000, kwa hiyo tabibu wa zahanati anaweza kustaafu bila kukutana nao.

Nikimeza tonge nilikuwa nalisikia likiteremka hadi katikati ya kifua, linasimama hapo. Nainuka, nanyoosha mikono juu, nakunywa maji ya vuguvugu kwa mkupuo ili uzito wake ulisukume. Siku nyingine linashuka kwa mlio ninaousikia mwenyewe. Siku nyingine maji nayo yanagoma, nakimbilia nje kutema povu jeupe, zito, lenye utelezi. Asubuhi foronya ina madoa ya uji wa jana.

Lakini kilichoniumiza kuliko njaa ni midomo ya watu. Nilipokonda, shuleni ninapofundisha walishanihukumu kuwa nimeathirika. Nilipima VVU, nikapima kifua kikuu, majibu yote safi, minong'ono haikukoma. Ukweni nikaitwa mwenye maringo. Kwenye harusi moja wifi yangu aliniwekea sahani ya pilau mbele ya watu akasema, "Kula basi tukuone, au chakula chetu kinakutia kinyaa?" Nilikula vijiko viwili, nikaenda kuvitapika nyuma ya turubai. Sijasahau, na sioni sababu ya kujifanya nimesahau.

Kila hospitali niliyokwenda niliulizwa, "Unapata kiungulia?" Nikijibu ndiyo, naandikiwa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Hata nilipopata kipimo cha kamera, ile inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, niliambiwa tumbo lina michubuko kidogo, nikarudishwa nyumbani na dawa zilezile. Hapo nataka unielewe vizuri: kamera peke yake inaweza kuipita akalasia, hasa mwanzoni. Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja kijana aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Maji nayo yanakwama?" Akaniagizia picha ya kumeza bariamu, ile dawa nyeupe nzito unayoinywa huku unapigwa eksirei. Kwenye picha umio wangu ulikuwa umetanuka juu, chini umechongoka kama mdomo wa ndege. Nililia palepale, kwa furaha. Hatimaye nilikuwa na ugonjwa wenye jina.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za mgonjwa aliyekuwa akisukuma chakula chake kwa mfupa wa nyangumi uliofungwa sponji nchani. Nikamwona ndugu yangu kabisa.

Tiba zipo. Kuna kutanua msuli kwa puto linaloingizwa kwa kamera, ambako mara nyingi hurudiwa baadaye. Kuna upasuaji wa kuukata msuli uliobana, alioufanya kwanza Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913. Na kuna njia ya kuukata kwa kupitia mdomoni bila kupasua tumbo, iliyoanzishwa Japani na Haruhiro Inoue mwaka 2008. Mimi nilifanyiwa ule wa Heller, na sehemu ya tumbo ikakunjwa juu ya mshono kuzuia asidi isipande. Neva hazirudi, kwa hiyo bado natafuna sana, nashushia maji, sili usiku wa manane, na nalala kichwa kikiwa juu. Lakini nala chapati. Nafundisha vipindi vyangu vyote, na shahada niliyoiacha njiani nimeimaliza.

Wewe unayesoma hapa una mipango yako pia: kujenga, kusoma, kulea watoto. Huwezi kuitimiza kwa nusu kikombe cha mtori kwa siku. Chakula kikikwama mara kwa mara, nenda hospitali ya rufaa, iwe Muhimbili, KCMC au Bugando, ukaombe kamera. Ikionekana safi na bado unakwama, omba bariamu. Usione haya kumuuliza daktari, "Hiki ni nini kama si vidonda?" Uliza tena kesho.

Na usikawie, maana Afrika Mashariki saratani ya umio inatuua sana, na nayo huanza kwa chakula kukwama. Mara nyingi huanza na vigumu kama nyama, kisha laini, mwisho hata uji, na mtu anakonda kwa miezi michache. Akalasia mara nyingi hukwamisha vigumu na maji pamoja, na huweza kuvuta miaka. Hata hivyo usijipime mwenyewe kwa maelezo haya. Nimewaona waliochelewa wakisubiri dawa ya mitishamba ifanye kazi.

Dada yangu, kimeo hakina hatia katika jambo hili. Kikikatwa mdogo wako ataongezewa kidonda na damu juu ya njaa aliyonayo. Mpeleke akapigwe kamera wiki hii. Wewe ingia naye chumbani kwa daktari, useme kuhusu kikohozi cha usiku na kilo alizopoteza, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huwa ameshachoka kueleza. Na nyumbani waambie waache kumhesabia matonge.