Jibu: Theluthi mbili na majaji 7 wa Mahakama ya Juu ya Kenya

Salamu ndugu. Umeuliza kama Mahakama ya Juu yenye majaji 7, wanawake wakiwa 2 tu, ingekiuka kanuni ya theluthi mbili, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo cha umma. Ndiyo. Theluthi mbili ya 7 ni 4.67, na jaji hagawanyiki: jinsia moja isizidi 4, wanawake wasipungue 3.

Ila ukienda mahakamani, Ibara ya 27(8) ya Katiba, yenye kanuni hiyo, haitakubeba peke yake. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, ilipoenda mahakamani 2011, wanaume wakiwa 5, Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi lake: wajibu wa kuchukua hatua, ikasema, ni wa Serikali. Ongeza Ibara ya 172(2)(b), inayoitaka Tume ya Huduma za Mahakama, inayopendekeza majaji, iongozwe na ukuzaji wa usawa wa jinsia. Kwanza kabisa kagua orodha ya walioomba nafasi na ya walioitwa usaili. Kama wanawake waliomba wakachujwa, hapo ndipo penye hoja.