Barua ya chuo imefika, kisha?

SWALI: Hujambo, Mwalimu. Nafundisha hisabati katika shule ya kutwa, Kayole, Nairobi. Dada yangu anafanya usafi katika shule moja Los Angeles, na ananisimulia juu ya watoto wa Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao wazazi wao hawakumaliza hata shule ya msingi, lakini wao wanaingia chuo. Wangu hufaulu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, barua ya chuo inakuja, halafu Septemba nawakuta stejini wakiyapigia matatu debe. Wenzetu kule hufanyaje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Nianze na Jaime Escalante, kwa kuwa alifundisha somo lako. Alitoka Bolivia akiwa mwalimu tayari, lakini Marekani ilimbidi apige deki mkahawani huku akisoma upya. Mwaka 1974 aliingia Garfield, shule ya watoto wa Wameksiko mashariki mwa Los Angeles. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa kalkulasi, hisabati ya kiwango cha chuo. Watahini wakawashuku 14 kuwa wamedanganya. Waliourudia mtihani ni 12, na wote wakapita. Watu husimulia mtihani huo, ila mimi naheshimu zaidi miaka iliyoutangulia, ya aljebra alfajiri na jioni.

Lakini wako wamefaulu tayari. Wanakwama baada ya barua, na hapo tazama New York. Mwaka 2007 chuo kikuu cha jiji, CUNY, kilianzisha mpango wa ASAP katika vyuo vyake vya miaka miwili, ambako Walatino ni wengi. Mwanafunzi alipewa mshauri wa kukutana naye mara kwa mara, msaada wa vitabu, karo iliyopelea, na kadi ya usafiri. Kadi ya usafiri, Mwalimu! Watafiti waliamua kwa bahati nasibu nani aingie, wakiwachukua wenye kipato kidogo waliohitaji masomo ya kujaziliza. Baada ya miaka 3, asilimia 40 ya walioingia walikuwa wamehitimu. Kwa wenzao waliokosa nafasi ni 22.

Nauli ilinigusa kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilitembea kutoka Dandora hadi mjini, kwenda na kurudi. Na rafiki yangu aliacha chuo kwa fomu ya mkopo iliyotaka sahihi ya baba. Baba yake alikuwa marehemu, naye hakujua amuulize nani.

Basi chukua majina ya wa mwaka huu. Jumamosi mbili keti nao saiba, penye kompyuta za kukodi, mfungue pamoja tovuti za KUCCPS, inayowapangia vyuo, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mzazi awepo na kitambulisho chake. Mtafute aliyewatangulia kutoka shuleni kwako, hata kama yuko mwaka wa pili tu, awapigie simu kila wiki muhula wa kwanza. Nauli ya mwezi wa kwanza ipigiwe hesabu na wazazi mapema, si siku ya kuripoti.

Na walioko stejini, wafuate wiki hii. Muulize kila mmoja ni karatasi gani iliyomkwamisha. Mwanafunzi anaweza kukiandikia chuo barua ya kuomba kuahirisha masomo, na wengi wao hawajawahi kuambiwa.