Nani alaumiwe, Melkor au Eru?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza sura ya kwanza ya The Silmarillion ya Tolkien, ile ya dunia kuanza na wimbo. Eru, Mungu muumba, anawaimbisha Ainur, roho alizoziumba kwanza; Melkor, mmoja wao, anauvuruga wimbo, halafu Eru anamwambia hakuna wimbo usio na chanzo chake kwake. Basi na uovu umetoka kwa Eru? Na mbona nasikia dunia ile mara bapa, mara duara? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mwaka wa 19 huu naimba sauti ya nne kwenye kwaya, na sura hiyo hunikumbusha mwenzetu mmoja wa sauti ya tatu. Akiamua kupaza, wa kulia kwake ananyamaza, wa kushoto anamfuata yeye badala ya mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Melkor: walioimba karibu naye, wengine walivunjika moyo, wengine wakageuza sauti ziendane na yake.

Sasa mtazame Eru. Anainuka mara tatu. Kwanza anatabasamu, anainua mkono wa kushoto. Mara ya pili uso umekaza, mkono ni wa kulia, na hapo unaanza wimbo wa taratibu wenye huzuni, ambao uzuri wake unatokana hasa na huzuni hiyo. Melkor anapiga kelele kuuzamisha, lakini sauti zake zile za kishindo zaidi zinachukuliwa na kusukwa humo humo. Mara ya tatu anainua mikono yote miwili, na muziki unakatika.

Mimi hayo maneno ya Eru nayasoma hivi: Melkor hana pa kuimbia nje ya wimbo. Kuharibu ni kwake mwenyewe. Angalia theluji. Eru anamwonyesha Ulmo, yule Ainur mwenye maji, jinsi Melkor alivyoyavamia kwa baridi kali, na kumbe imepatikana theluji. Kwa joto, yakapatikana mawingu na mvua. Ulmo anakiri maji yamekuwa mazuri kuliko alivyowaza. Melkor hapewi shukrani hata chembe.

Tena wimbo wenyewe ulikuwa kama mazoezi tu. Dunia ilipatikana Eru aliposema "Eä", yaani "na iwe", na Ainur walioshuka walikuta hakuna kilichofanyika, kazi yote inawangoja. (Wanakwaya mnanielewa.)

Kuhusu umbo la dunia, uliza kwanza nani anasimulia. Katika rasimu zake Tolkien aliiweka simulizi hii ya dunia bapa kwenye kalamu ya Rúmil, mwanazuoni wa Waelfi. Baadaye aliandika nyingine yenye dunia duara tangu mwanzo. Ilichapishwa 1993, miaka 20 baada ya kifo chake. Mimi nabaki na ile ya bapa, maana Númenor, kisiwa cha wanadamu, kinapozama ndipo dunia inapindwa kuwa duara, na tukio hilo silitoi kwa lolote. Limo kwenye hicho hicho kitabu ulichoshika, sehemu ya Akallabêth. Ukifika hapo niandikie tena.