Kila kikao daftari la muhtasari nalipewa mimi, na maswali mengine ya wasomaji

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Msandawe wa Farkwa, wilaya ya Chemba, ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, na idarani kwetu wanawake tuko wawili tu. Kikao kikianza mkuu wa idara anasogeza daftari la muhtasari mbele yangu, hata haulizi, na chai ikichelewa mimi ndo natumwa kantini. Juzi nikamwambia mwenzangu kwamba nataka siku moja niongoze idara na hata zaidi ya hapo, akacheka, "kwani Wasandawe nao wana maprofesa?" Nikacheka nae ila roho iliniuma. Kuna mwanamke wa kabila dogo kama langu aliyewahi kuongoza chuo kikuu au najisumbua tu? Mama Asali, Ilazo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujisumbui. Twende Marekani kwanza, kwa wale wenyeji wa asili waliokuwepo kabla ya wazungu kufika, maana wao hili la kwako wanalijua vizuri. Wanavajo walianzisha chuo chao wenyewe Arizona mwaka 1968, cha kwanza kumilikiwa na kabila, na sa hivi vyuo vya namna hiyo viko zaidi ya 30. Humo wanawake wamepanda kweli. Janine Pease wa kabila la Crow, kule Montana, alikuwa rais wa kwanza (huko anayeendesha chuo anaitwa rais) wa Little Big Horn College kuanzia 1982 akakaa mpaka 2000. Verna Fowler alianza na chuo cha Wamenominee mwaka 1993 kikiwa kichanga kabisa. Halafu yupo Cassandra Manuelito-Kerkvliet, Mnavajo, aliongoza kwanza chuo cha kwao, Diné College, na 2007 akachukuliwa kuwa rais wa Antioch University Seattle, mwanamke wa kwanza wa asili kuongoza chuo kikuu chenye ithibati nje ya vile vya makabila.

Hebu angalia hiyo miaka. Kutoka 1968 mpaka 2007 ni karibu miaka 40, na 2007 ni juzi tu, ndo mwaka Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilipoanzishwa. Yaani walipanda haraka pale nyumba ilipokuwa yao, ila mlango wa jirani ulichukua muda mrefu sana kufunguka. Sisi hatuna chuo cha Wasandawe wala cha Wagogo na mi naona ni heri hivyo, nchi yetu haikujengwa kwa makabila, ila maana yake ni kwamba wewe unapandia ngazi kwenye nyumba ya wote na hakuna atakayekushikia hiyo ngazi kwa sababu tu unatoka Farkwa. Na usidhani wanaotoka vijijini hawafiki. Prof. Penina Mlama kazaliwa Berega mwaka 1948, huko huko Ukaguruni, siyo mbali kivile na sisi, akawa profesa wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akashika ofisi ya taaluma ya chuo kizima, na tamthilia zake kaandika kwa Kiswahili.

Sasa tuje kwenye daftari, maana kwangu hapo ndo penye shida kuliko hata yule mchekaji. Ukiombewa kupandishwa cheo hakuna atakayehesabu mihtasari uliyoandika, watauliza PhD iko wapi na makala umechapisha wapi, na bila PhD hutoki kwenye huo usaidizi. Kila jioni unayokaa kusafisha muhtasari mwenzako anasafisha makala yake. Mwandikie mkuu wa idara imeili, siyo WhatsApp, kwa heshima tu, pendekeza uandishi uwe wa zamu kwa alfabeti ya majina na zamu ijayo taja ni ya nani. Ya kwako ikifika andika vizuri, kwasababu humo utajua nani anapitisha bajeti na nani anaongea tu. Chai waifuate wenyewe, kantini haijahama.

Na huyo mwenzako mwache.

SWALI: Mwandishi, binti yangu kamaliza masta, chuo kinataka kumpeleka nje kusoma PhD miaka minne na ana mtoto wa miaka miwili. Mama yake anasema kwanza aolewe. Mimi nimekaa katikati. Mzee wa Mpwapwa.

JIBU: Shikamoo baba. Toka hapo katikati, simama na binti. Nafasi za kusomeshwa hazisubiri mchumba, angalia mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ulioidhinishwa 2021, ndani yake liliwekwa fungu la kusomesha wahadhiri, na miradi ya hivyo ina mwisho wake. Mtoto wa miaka miwili anaweza kukaa na bibi yake mkikubaliana mapema pesa ya maziwa na ya kliniki inatoka wapi. Mkalishe mama mzungumze hilo la mjukuu, la ndoa litafuata.

SWALI: Kwenye mahafali naona mkuu wa chuo ni mzee mstaafu anavaa joho tu anaondoka. Sasa anayeongoza chuo ni nani? Mwaka wa pili, Ng'ong'ona.

JIBU: Unayemtafuta ni makamu mkuu wa chuo. Mkuu anatunuku shahada na kukipa chuo heshima, kama Mzee Kikwete pale Dar es Salaam tangu 2016, ila ajira, pesa na mitaala viko kwa makamu na manaibu wake, chini yao marasi, yaani wakuu wa ndaki (ndaki ni sehemu ya chuo yenye idara kadhaa), halafu wakuu wa idara. Kwahiyo ukisikia mwanamke kateuliwa uliza kwanza kateuliwa nafasi gani kati ya hizo, na kama wewe unaitaka mojawapo anza na GPA, matangazo mengi ya mkufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya kufundisha chuoni, yanataka 3.8 kwenda juu na uko mwaka wa pili, bado inawezekana.