Nimegombana na baba, nirudi vipi Machame?

SWALI: Shikamoo shangazi. 2016 niligombana na baba kisa kihamba, shamba letu la ukoo, nikaja zangu Dar kwa hasira, akipiga simu sipokei. Sasa naskia anaumwa miguu hatoki ndani, nataka niende Desemba ila naogopa atanifukuza mbele za watu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Desemba mbali, na nyumba itajaa ndugu wa mjini, baba ako hata akitaka kulia atajikaza. Nenda wiki hii kukiwa kimya. Usiende peke ako, mtafute baba mdogo au mzee wa ukoo anayemsikiliza atangulie kukuombea, na ubebe isale, lile jani la mpakani mwa kihamba, mpe kwa mikono miwili, maana kwa sisi Wachaga ukishaletewa isale kukataa kusamehe ni kazi nzito sana, wazee wanaliheshimu mno. Omba radhi kwa zile simu. Ya shamba siku hiyo usiyaguse, hata akianza yeye. Akinyamaza usiondoke, lala hapo, asubuhi wakatie ng'ombe majani. Na mama ako jamani, kakaa katikati yenu miaka yote hiyo, kaa nae jikoni umskilize.