Mandolini Isiyo na Lebo: Anza na Nchi, Jina Liweke Mwisho

Hapa Tanga kitu chochote cha zamani chenye mbao nzuri huambiwa ni cha Mjerumani. Kabati ni la Mjerumani, saa ya ukutani ya Mjerumani, na mandolini ya babu aliyekuwa akipiga taarabu nayo ya Mjerumani. Mimi hutengeneza ala za nyuzi huku Ngamiani, na anayeniletea mandolini isiyo na lebo huwa na swali lilelile: fundi wake nani? Ushauri wangu ni kuliweka swali hilo mwisho. Tafuta nchi kwanza, kisha miaka. Jina mara nyingi halipo kabisa, hata kama karatasi haijabanduka.

Anza na mgongo. Mgongo uliovimba kama kibuyu, ulioungwa kwa vipande vyembamba vya mbao ubavu kwa ubavu, na uso unaopinda kidogo kwenda chini nyuma ya daraja la nyuzi, ni umbo la Napoli, Italia. Ila umbo la Napoli halithibitishi mkono wa Napoli. Wajerumani waliliiga, Wamarekani waliliiga, na Wajapani pia, Suzuki ya Nagoya wakiwemo. Muuzaji akikutajia Vinaccia au Calace, mafundi wenye jina wa Napoli, bila kukuonyesha ndani, rudisha pesa mfukoni. Uso uliochongwa ukatuna kama wa fidla ni wazo la Orville Gibson wa Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1898. Gibson za zamani nyingi zina namba iliyogongwa muhuri kwenye kigogo cha ndani, pale shingo inapoingilia, kwa hiyo lebo ikidondoka bado unayo pa kuanzia. Mgongo bapa ndio ninaokutana nao zaidi, na ndio wenye kazi.

Legeza nyuzi, ingiza taa ndogo kwenye tundu la sauti pamoja na kioo kile cha daktari wa meno, kisha piga picha kwa simu. Kagua upande wa chini wa uso, maana mafundi huandika huko kwa penseli: namba, tarehe, pengine herufi mbili tu. Ukikuta lebo usiishangilie haraka. Inaweza kuwa ya duka lililouza, au ya fundi aliyebandika uso miaka thelathini baadaye.

Skrubu husema mengi kuliko lebo. Skrubu ya nyota ilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo mandolini ambayo skrubu zake zote ni za bisibisi ya nyota, na matundu hayajazibwa wala kuchokonolewa, yaelekea si ya zamani zaidi ya hapo. Ukikuta za bapa kwenye funguo na za nyota kwenye kishikio cha nyuzi, huenda kishikio kimebadilishwa. Kile kibao cha kukinga mikwaruzo kisugue kwa kidole mpaka kipate joto, halafu nusa. Kikitoa harufu ya kafuri, ni seluloidi, plastiki ya zamani. (Mteja mmoja aliinusa akairudisha mezani upesi. Kwetu kafuri ina shughuli yake.) Ukipata ile tochi ya wakala ya kukagulia noti, mulika vanishi gizani: shelaki, aina ya vanishi ya zamani, hung'aa rangi ya chungwa, na sehemu isiyong'aa hivyo huenda iliguswa baadaye. Msasa usiushike kabisa kabla ya ukaguzi huu.

Kijana mmoja aliniletea ya babu yake, mgongo bapa, lebo hakuna, ila ndani kuna alama ya mstatili palipokuwa na gundi. "Mjomba, hii ya Mjerumani, babu aliapa." Nyuma ya kichwa, chini ya uchafu wa mikono ya miaka, palikuwa na maandishi yaliyodidimia, na nikaweza kusoma nusu tu: CZECHOSLOV. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916. Chekoslovakia ilizaliwa Oktoba 1918. Kwa hiyo haikuletwa Tanga na utawala wa Mjerumani, hata babu aape mara ngapi.

Lakini babu hakukosea sana, na hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Mji wa Schönbach, ambao leo unaitwa Luby, upo upande wa Bohemia, iliyokuwa sehemu ya Chekoslovakia, na ng'ambo ya mpaka, si mbali, kuna Markneukirchen ya Ujerumani. Miji yote miwili iliishi kwa kutengeneza ala, na mafundi wa Schönbach walikuwa wasema Kijerumani. Hadi 1918 walikuwa chini ya Austria, kisha Chekoslovakia. Baada ya vita kuisha 1945 wengi walifukuzwa, wakaanza upya Bavaria, hasa Bubenreuth. Kampuni ya Framus iliasisiwa mwaka 1946 na Fred Wilfer kwa ajili ya mafundi hao. Markneukirchen nayo ikabaki Ujerumani Mashariki. Ndiyo maana mandolini mbili zinaweza kufanana kama ndugu na zikabeba majina ya nchi tofauti.

Na jina la fundi? Huko kazi iligawanywa majumbani: huyu anachonga shingo, yule anakunja mbavu, mwingine anapaka vanishi, na tajiri wa biashara anakusanya na kusafirisha. Ukimtafuta fundi mmoja unamtafuta mtu ambaye hakuwepo. "Schönbach, baada ya 1918, karakana za majumbani" ni jibu kamili. Nilimwambia kijana hivyo, akanuna kidogo, kwa kuwa mnunuzi wa Dar alikuwa akingoja jina.

Ukishajua, andika ulichokiona kwenye karatasi pamoja na tarehe na picha, ukaiweke ndani ya mfuko wa mandolini. Usibandike lebo mpya ndani ya ala, hata kwa nia njema. Atakayeifungua baada yako ataisoma kama ya kiwandani.