Geuza Mitutu Kabla Hujasoma Jina

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni mkusanyaji wa vitu vya kale hapa Wete: saa za ukutani, santuri, mabirika. Nimeletewa bunduki ya mitutu miwili yenye nyundo za nje. Wenyewe wanasema babu yao alikuwa akiwindia ninga kwenye mikarafuu, na kwamba ni ya Uingereza kwa vile imeandikwa “W. Richards”. Ninunue? Na niipeleke kwa fundi aing’arishe kwanza?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya fedha, polisi. Hata ikiwa ya babu yake babu, hiyo ni silaha. Kama muuzaji hana karatasi na wewe huna kibali, isiingie nyumbani kwako hata usiku mmoja.

Sasa hilo jina. Nilifanya kazi miaka saba Birmingham katika karakana ya bunduki, nikaanzia kwenye ufagio. Nilipopata cheti changu nikanunua bunduki yenye jina hilohilo, nikijua nimempata Westley Richards, fundi mkubwa wa mji ule. Nikampelekea bosi wangu, nimevimba kichwa. Hakusema neno. Aliikunjua, akahakikisha haina risasi, akachomoa mitutu, akaigeuza juu chini, akanirudishia. Chini pale palikuwa na duara mfano wa yai, ndani yake herufi ELG. Hiyo ni alama ya Liège, Ubelgiji. Mimi nilisoma mgongo, mwenzangu kasoma tumbo.

Mafundi wa huko Liège waliliandika jina lile makusudi, mnunuzi wa mbali ateleze. Ya Kiingereza utaijua kwa mihuri ya majaribio, maana sheria yao inataka kila mtutu upigwe kwanza kwa baruti iliyozidi kipimo. Birmingham wana nyumba ya kazi hiyo tangu 1813. Muhuri wao wa baada ya 1904 ni taji na herufi BP. Wa London ni taji na GP zilizosukwa pamoja. Ukikuta ELG usiitupe, Liège walikuwapo mafundi hodari. Ila usilipe bei ya Birmingham.

Tazama pia rangi ya kasiba (wazee wetu ndivyo walivyouita mtutu). Ukiona mistari inayozunguka, hicho ni chuma cha Damascus: fundi alisokota chuma na feleji, akavizungusha kwenye fimbo na kuvigonga vikiwa moto mpaka vikashikana. Ni kama bibi wa Pemba anavyozungusha ukili kushona mkoba, na kama mkoba, penye mshono ndipo kutu linapojificha. Bunduki hiyo ilitengenezewa baruti nyeusi, ile ya kizamani. Risasi ya leo usiitie, wallahi, hata kwa mzaha. Hata mitutu ya feleji tupu ya zama zile, mingi chemba yake (pale risasi inapokaa) ina urefu wa milimita 65, na risasi nyingi za siku hizi ni za 70.

Kisha ining’inize mitutu peke yake kwa uzi, uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, vizuri. Ikitoa sauti ya debe, lehemu ya ukanda wa katikati imeachia. Ichungulie ukiielekeza dirishani: mashimo ya kutu utayaona, na penye uvimbe kivuli kitajikunja. Ukiirudisha mitutu na kuifunga, itikise bunduki bila kile kigae cha mbao cha mbele, kinachokaa chini ya mitutu. Ikicheza, bawaba imelika. Na namba zilizo kwenye mitutu, mwilini na kwenye kigae hicho zifanane. Zikitofautiana umeletewa bunduki mbili zilizoozeshwa.

Kuing’arisha? Hapana. Msasa unakula chuma ambacho tayari ni chembamba, na unafuta mihuri yenyewe unayoilipia. Kitambaa na mafuta mepesi, basi. Huko Wete, kwa unyevu wenu ule, kila wiki.

Nipigie picha ya tumbo uniletee. Ya jina sina haja nayo.